Bwawa la Umma Si Birika la Mkubwa



Wapigania mageuzi wa nchi hii tumezoea kuzungumza juu ya Ikulu, Bunge na Tume ya Uchaguzi. Hatuna ugomvi na desturi hiyo, kwa kuwa huko ndiko mamlaka yalikorundikwa tangu 1963. Lakini safari hii tunawaomba mteremke pamoja nasi hadi kwenye bwawa dogo la kijijini, lile ambalo ng'ombe hunywa upande mmoja, akina mama huchota maji upande wa pili, na jioni vijana hutupa ndoana zao karibu na mafunjo. Tuna swali moja ambalo hakuna chifu, diwani wa zamani wala mwakilishi wa wadi aliyekubali kulijibu kwa maandishi: je, samaki walio katika bwawa hilo ni wa nani?

Mifano yetu mingi inatoka Siaya na mwambao wa Ziwa Victoria. Msomaji wa Machakos, wa Laikipia au wa Baringo atajiona humu pia, nasi hatutashangaa.

Mabwawa madogo ya Nyanza yalijengwa kwa wingi katika miaka ya 1950, wakati serikali ya kikoloni ilipotafuta maji ya mifugo na ya matumizi ya nyumbani. Na yasemwe yote. Sheria ya Machifu ilimpa chifu uwezo wa kuwalazimisha raia kufanya kazi za kuhifadhi udongo na maji, na aliyekaidi aliadhibiwa. Serikali huru iliirithi sheria hiyo nzima nzima, ikaivika kanzu ya Harambee, na chama kimoja kikaitumia kwa raha zake hadi ilipong'olewa meno mwaka wa 1997, baada ya damu ya waandamanaji kumwagika barabarani. Basi pale ambapo mashine haikufika, bwawa la kijiji lilitokana na jembe la mwananchi, ardhi ya ukoo, na jasho ambalo halikulipwa. Anayekuja leo na kipaza sauti kuliita "mradi wa serikali" atueleze serikali ilishika jembe lipi.

Aliyechimba hakupewa hata karatasi moja. Katiba ya zamani iliweka ardhi ya jamii mikononi mwa mabaraza ya wilaya, yaishike kwa niaba ya wakaaji. Tulijua yaliyokuwa yakitendeka kwa jina la amana hiyo, na Ripoti ya Tume ya Ndung'u iliyotolewa mwaka wa 2004 ikayaweka wazi: wadhamini waligawa mali waliyokabidhiwa kana kwamba ni urithi wa baba zao. Misitu, viwanja vya shule, ardhi za vinamasi na za kandokando ya mito, vyote vilitafunwa. Mahali ambapo mwanya wa namna hiyo upo, bwawa la ekari mbili haliwezi kusalimika kwa udogo wake.

Sasa tuwageukie samaki wenyewe, kwa maana ushahidi wa kesi yetu wanao wao.

Ngege, ambaye wataalamu humwita Oreochromis esculentus, alikuwa samaki wa heshima katika Ziwa Victoria. Nyavu za kitani zilipoletwa mwaka wa 1905, uvuvi ukapamba moto, na baada ya miaka si mingi upungufu ukaanza kuonekana. Serikali ya kikoloni ikamtuma Michael Graham kulichunguza ziwa hilo mwaka wa 1927 na 1928. Bwana huyo alipendekeza nyavu zenye macho yasiyopungua inchi 5. Akaonya pia kwamba kuleta ziwani samaki mkubwa mla-samaki kutoka maji mengine, bila uchunguzi wa kina, kungekuwa jambo la hatari kubwa mno. Onyo hilo lilichapishwa mwaka wa 1929. Likaachwa kabatini. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mbuta akatiwa ziwani, na kizuizi cha inchi 5 kikaondolewa. Hapakupigwa kura. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa ametawala, na ngege akawa ametoweka karibu kabisa katika ziwa lililo wazi, pamoja na aina nyingi za samaki wadogo ambao baadhi yao hawakuwahi hata kupewa jina la kisayansi.

Ndipo vikaja viwanda. Mnofu wa mbuta ukapakiwa kwenye barafu na kupelekwa Ulaya. Mwenyeji aliyekuwa akila samaki mzima akaachiwa kichwa na mifupa. Wananchi wenyewe waliubatiza mlo huo jina la mgongo wazi. Hatujapata kuona wizara yo yote ikieleza sera yake ya uvuvi kwa ufasaha kama huo.

Lakini ngege hakufa wote. Alisalia katika Ziwa Kanyaboli, lile ziwa dogo lililofichwa na kinamasi cha Yala, na katika baadhi ya mabwawa madogo ya Siaya ambamo samaki wa ziwani walikuwa wamepandwa zamani. Sababu yake inaeleweka. Mbuta anahitaji maji yenye hewa nyingi. Msitu wa mafunjo una maji mazito yasiyo na hewa ya kumtosha, kwa hiyo hakuweza kupenya. Ngege huvumilia hali hiyo. Wataalamu walipomtafuta samaki ambaye ziwa kubwa lilikuwa limempoteza, walimkuta kwa watu maskini, katika maji ambayo hakuna waziri aliyekuwa na haja nayo. Mwaka wa 2010 Kanyaboli ilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa. Mabwawa ya vijijini hayakutangazwa kuwa cho chote.

Na hatari ya pili iko njiani, tena imevaa nguo za maendeleo. Msimu wa siasa ukikaribia, gari hufika likiwa na mifuko ya vifaranga vya samaki. Picha hupigwa, mheshimiwa huumwaga mfuko mmoja majini, makofi yakapigwa. Ni vifaranga vya aina gani? Mara nyingi ni tilapia wa Nile, ambaye hukua upesi na kupendwa sokoni. Hatumchukii samaki huyo. Ila akichanganywa na ngege, huzaana naye, na baada ya vizazi kadhaa ngege halisi hupotea ndani ya damu ya mgeni. Dalili za mchanganyiko huo zimekwisha kuonekana huko Kanyaboli. Hivyo mtu mmoja kwa dakika mbili, mbele ya wapiga picha, anaweza kulifuta jambo ambalo kijiji kimelihifadhi kwa miaka sitini bila kulipwa. Kosa la miaka ya 1950 linarudiwa kwa kipimo cha ndoo, na kwa sababu ile ile: anayeamua hawaulizi wale watakaokaa na matokeo.

Tunajua wako watakaosema kwamba wananchi hawajali majina ya kisayansi, wanataka chakula. Ni kweli wanataka chakula. Ndiyo maana tunauliza kwa nini kijiji chenye bwawa kinanunua tilapia wa barafu kutoka China. Mwaka wa 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao ulichimba vidimbwi vya kufugia samaki, 200 kwa kila eneo bunge katika maeneo 140. Fedha nyingi zilitumika, na wako wakulima waliofaidika. Hatutaki kuwanyima haki yao. Lakini vidimbwi vingi vilikauka mara tu ruzuku ya vifaranga na chakula ilipokwisha. Wakati huo bwawa la umma, ambalo lingelisha vijiji vitatu, lilizidi kujaa tope, ukuta wake ukaliwa na kwato za ng'ombe, na mlango wa maji ya ziada ukaziba kwa magugu. Kidimbwi ni cha mtu, na mtu hukumbuka aliyempa. Bwawa la wote halimkumbuki mheshimiwa ye yote siku ya kura. Huo ndio ufunguo wa jambo lote, nasi hatuoni haja ya kuuzungusha.

Bwawa lililoachwa bila mwenyewe wa kuliwajibikia linaweza kufanya mabaya zaidi ya kukauka. Tarehe 9 Mei 2018, bwawa lililokuwa katika shamba la kibinafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku na kuwaua watu wasiopungua 47. Waliokaa chini ya ukuta ule hawakuwa na sauti juu ya maji yaliyokuwa yamening'inizwa juu ya vichwa vyao.

Ufuateni sasa mwendo wa unyakuzi, kwa maana hauji na buldoza siku ya kwanza. Kwanza huja kikundi kilichoandikishwa mjini, chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa nyumba moja. Kikundi hicho huonyesha cheti na kudai kwamba ndicho "wadau". Kisha huja pampu ya kumwagilia mboga za mtu mmoja. Baadaye nguzo za ua, kwa kisingizio cha kuzuia watoto wasizame. Halafu mlinzi. Mama aliyekuwa akivua kwa kikapu maji yanapopungua huambiwa sasa kuna ada, na risiti haiandikwi. Akiuliza, huambiwa aende ofisi ya kaunti. Ofisi ya kaunti humwelekeza kwa maafisa wa uvuvi. Hao humwambia mambo ya maji yana idara yake. Anarudi nyumbani jua limekuchwa, na ua bado uko pale pale.

Hapa tunawaomba wasomaji wa makanisani watusikilize kwa makini. Katika fuo nyingi za Ziwa Victoria kuna desturi iitwayo jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili auziwe samaki. Tumeihubiri dhambi hiyo kutoka mimbarini kana kwamba mwenye dhambi ni yule mama mwenye karai. Mashua ni ya nani? Wavu ni wa nani? Huko Nduru, Nyakach, wanawake walianza kupata mashua zao wenyewe mwaka wa 2011 ili waondokane na aibu hiyo, na walisonga mbele hadi mafuriko ya 2020 yalipowahamisha. Jambo walilolifanya lilikuwa rahisi kulieleza: walishika chombo cha kazi. Sasa, bwawa dogo halihitaji mashua ya injini. Kikapu, ndoana, mgono na wavu mfupi vinatosha kumpata kambare, kamongo au ngege wa kuliwa jioni, na wa kuuzwa njia panda. Katika maji hayo mwanamke asiye na mtaji anaweza kuvua mwenyewe bila kumpigia mwanamume magoti. Kumfungia bwawa ni kumrudisha ufuoni kwa jaboya. Asiyetaka kulisema hilo hadharani asituhubirie juu ya usafi wa moyo.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2010 iko upande wetu kuliko wengi wanavyofahamu. Kifungu cha 62 kinayahesabu maji ya mito, maziwa na maji mengine yaliyotajwa na sheria kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 69 kinaiamuru serikali ihakikishe kwamba maliasili inatumiwa kwa njia ya kudumu, manufaa yake yanagawanywa kwa haki, na wananchi wanashirikishwa katika kuitunza. Jedwali la Nne limeipa kaunti kazi ya uvuvi. Sheria ya Maji ya 2016 inasema maji yote yanashikwa na serikali ya taifa kwa amana ya watu wa Kenya. Neno amana limerudi tena, na sisi tuliokwisha kuumwa na nyoka huyo tunasikia ukakasi wa meno. Amana bila hesabu ya wazi ni wizi uliopewa likizo.

Kuna kielelezo tayari. Kanuni za mwaka wa 2007 ziliunda vikundi vya kusimamia fuo katika maziwa na baharini, vyenye mkutano mkuu na kamati ya kuchaguliwa, na viti vilivyotengewa wenye mashua, vibarua wao, wachuuzi na wanawake. Si vyote vilivyo safi. Vingine vimekuwa vyama vya wenye mashua tu. Hata hivyo, katika ufuo kibarua ana mahali pa kusimama na kuuliza fedha zimekwenda wapi. Kwenye bwawa dogo mara nyingi hana, kwa kuwa bwawa halina ufuo wa kutua mashua, na afisa hulihesabu kuwa ni dimbwi la ng'ombe.

Watetezi wa hali iliyopo wana hoja moja wanayoipenda: mkiwapa wananchi bwawa, watamaliza samaki. Tuijibu bila hasira. Ni kweli kwamba wako wanaovua kwa chandarua cha mbu, kinachozoa hata vifaranga. Wako wanaoburuta kokoro katika maji yanayofika kiunoni. Na wako, Mungu awasamehe, wanaotia sumu maji yale yale ambayo mama zao watachota asubuhi. Hatuwatetei. Sheria ya Uvuvi ya 2016 inawakataza, na kijiji chenye mamlaka kingewakamata kabla afisa hajapata mafuta ya pikipiki. Lakini tukihesabu ni nani aliyemaliza samaki wa nchi hii, orodha haianzi na kijana wa ndoana. Inaanza na ofisi zilizolifungia kabatini onyo la 1929. Watu wa Siaya walikuwa na ngege katika mabwawa yao miaka yote ambayo maafisa waliokuwa na maabara, boti na mishahara walikuwa wakimpoteza ziwani. Kwa rekodi hiyo, nani anapaswa kumpa mwenzake masharti?

Tunaongeza neno kwa waheshimiwa ambao jana walikuwa wenzetu. Mwaka wa 1988 mliupinga uchaguzi wa mlolongo, ambao mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi mchana kweupe. Mlisimama na Askofu Henry Okullu mwaka wa 1990 alipodai hadharani mfumo wa vyama vingi. Mlishangilia Kifungu cha 2A kilipofutwa mnamo Desemba 1991. Kaunti zikaja mwaka wa 2013, nanyi mkapata bendera juu ya gari. Kwa nini basi kamati ya bwawa huteuliwa kwa simu? Kwa nini mwenyekiti wake ni wakala wenu wa kura? Ugatuzi haukupiganiwa ili kila wadi ipate chama chake kimoja.

Madai yetu yanaeleweka hata na mtoto wa darasa la sita. Kila bwawa la umma lipimwe, mipaka yake iwekwe alama, na jina lake liandikwe katika daftari la kaunti ambalo mtu ye yote anaweza kulisoma bila kumjua karani. Watumiaji wote, wavuvi, wafugaji na wachotaji maji, wawe mkutano mkuu wa bwawa hilo, nao wachague kamati kwa kura ya siri, si kwa kunyosha mikono mbele ya naibu wa chifu. Fedha zo zote za ada zisomwe hadharani kila robo mwaka. Asiingizwe kifaranga hata mmoja kabla mkutano huo haujaelezwa ni aina gani, ametoka wapi, na atawafanya nini samaki waliomo. Macho ya nyavu na miezi ya kupumzisha maji yaamuliwe hapo hapo, kwa ushauri wa mtaalamu, ambaye tunamheshimu akija kama mshauri. Na bwawa lifukuliwe tope. Bila hilo mengine yote ni maneno, kwa sababu bwawa lenye kina cha goti halina samaki wala demokrasia.

Kanisa nalo lisijifiche nyuma ya madhabahu. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanono wanaokunywa maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu yao, ili wadhaifu wanywe matope. Waisraeli hawakuhitaji mhadhiri kuwafafanulia hayo, na sisi hatuhitaji. Parokia zina chombo ambacho kaunti haina: watu hukutana humo kila Jumapili bila posho. Tena ziko parokia na shule za makanisa zenye mabwawa ndani ya ardhi yao, ambayo jirani haruhusiwi kuyasogelea kwa ndoana. Hizo nazo zifungue vitabu vyao, tena zitangulie.

Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka makadirio ya kaunti yawe yamefikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili ya kila mwaka, na baada ya hapo wananchi wasikilizwe. Basi kabla ya tarehe hiyo kila jumuiya ndogo iliyo karibu na bwawa iandike karatasi moja: jina la bwawa, lilichimbwa lini na nani, kwa kadiri wazee wanavyokumbuka, lilifukuliwa tope mara ya mwisho lini, ni samaki gani waliomo, nani anakusanya ada, na ameonyesha hesabu kwa nani, na kama kuna ua, aliyeujenga ni nani. Itiwe sahihi na watu wengi iwezekanavyo, wanawake wakitangulia. Zitolewe nakala mbili. Moja ipelekwe kwa karani wa bunge la kaunti na watu wasiopungua kumi, na wasitoke ofisini hadi ile ya pili ipigwe mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.